Mkarimu kwa Watu, Mgumu kwa Mwenzake



Leo tuanze na mfano. Nyumba tutakayoieleza tumeitunga wenyewe, lakini huenda mkajiona ndani yake.

Ni mwezi wa Desemba, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mahindi yamevunwa, yamekaushwa, na magunia 30 yamepangwa ghalani. Mume na mke wamekwisha kukubaliana: magunia manane ni chakula cha nyumbani, yaliyobaki yauzwe kwa ajili ya karo ya Januari na mbolea ya Machi. Jioni moja simu inalia. Ni mdogo wake mume, kule Bungoma. Mtoto wake amelazwa hospitalini na bili imekuwa kubwa. Mume hamwambii mkewe neno. Kesho yake, mke akiwa sokoni, mnunuzi anafika na pikapu, magunia kumi yanapakiwa, na fedha zinatumwa Bungoma kabla ya jua kufika utosini.

Mke anagundua anapoingia ghalani kuchota debe la mahindi ya kusaga.

"Baba watoto, magunia mengine yako wapi?"

"Nimemsaidia ndugu yangu. Ulitaka mtoto afe?"

"Sijakataa asaidiwe. Lakini mwezi uliopita nilipokuomba shilingi 500 niende kupimwa mgongo, uliniambia nivumilie."

Mume ananyamaza. Pale kanisani anasifiwa kuwa mtu wa watu. Hakuna harambee inayompita, hakuna matanga asiyochangia. Naye mke ni vivyo hivyo: katika jumuiya ndogo ndogo yeye ndiye wa kwanza kufika kwa mgonjwa na kuni kichwani, lakini mumewe akirudi na homa humwekea chakula mezani na kwenda zake. Wote wawili ni watu wema. Mbona wema wao unaishia mlangoni?

Swali hili si la nyumba hiyo moja. Ili tulijibu, inatupasa kwanza tuulize jambo ambalo wataalamu wa saikolojia wamelichunguza kwa miaka mingi: kwa nini mtu humsaidia mwenzake?

SABABU NNE ZA KUSAIDIA

Sababu ya kwanza ni damu. Mwaka 1964 mwanasayansi Mwingereza William Hamilton alionyesha kwa njia ya hesabu kwa nini viumbe hujitoa zaidi kwa walio wa ukoo wao, na kadiri undugu unavyokuwa wa karibu ndivyo wanavyojitoa zaidi. Wabukusu wa Bungoma hawakungoja hesabu hiyo. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, vijana wanapotahiriwa, kijana huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama yake, naye humchinjia na kumvika shingoni nyama iitwayo luliki. Mjomba hakai chini kujiuliza kama inampasa. Damu imekwisha kumwambia.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Mke si damu ya mume, wala mume si damu ya mke. Undugu wao umejengwa kwa agano, hawakuzaliwa nao. Ndiyo maana simu ya ndugu hupenya moyoni upesi bila mtu kufikiri, lakini haja ya mwenzi wako huhitaji uamue kuiona. Msistaajabu basi mkiona kwamba kumsaidia ndugu ni rahisi kuliko kumsaidia yule mliyelala naye kitanda kimoja. Si dalili kwamba humpendi. Ni dalili kwamba upendo wa ndoa ni kazi ya kila siku.

Sababu ya pili ni nipe nikupe. Mwaka 1971 Mmarekani Robert Trivers alieleza jinsi kusaidiana kunavyoweza kukua hata kati ya wasio ndugu, ikiwa anayesaidia leo anatarajia kusaidiwa kesho. Sisi tunaijua vizuri. Leo tunapalilia kwako, kesho kwangu. Akina mama katika chama huzungushiana fedha kila wiki, na anayepokea leo anajua zamu ya wengine inakuja. Ukichangia matanga ya jirani, nawe ukifiwa hutazika peke yako. Hakuna ubaya hapo. Bila mkono nenda mkono rudi, kijiji hakisimami.

Sababu ya tatu ni macho ya watu. Kwenye harambee jina linasomwa kwa kipaza sauti, watu wanapiga makofi, na aliyetoa kidogo anajificha nyuma. Tusijidanganye kwamba makofi hayatugusi. Injili ya Mathayo sura ya 6 inatuonya kuhusu wanaotoa sadaka ili waonekane. Na nyumbani je? Nyumbani hakuna kipaza sauti. Ukimwosha mtoto usiku wa manane, ukimkanda mwenzako mgongo, hakuna atakayetangaza. Mtu ambaye amezoea kusaidia mahali penye makofi atajikuta hana nguvu mahali pasipo na makofi.

Sababu ya nne ni huruma, yaani kuyaona mateso ya mwingine hata yakawa yako. Baadhi ya wataalamu walidai kwamba hata huruma ni ubinafsi uliofichwa: eti tunasaidia ili tu tuondoe uchungu unaotusumbua wenyewe. Mwaka 1981 Daniel Batson na wenzake huko Marekani walilipima dai hilo. Waliwaonyesha watu msichana aliyeonekana kama anapigwa na umeme wenye maumivu. Kwa kweli hakuumia, yalikuwa maigizo, lakini watazamaji hawakujua. Kisha wakaulizwa kama wangekubali kukaa mahali pake. Baadhi yao waliruhusiwa kuondoka mapema wasitazame zaidi. Wale wenye huruma kidogo, walipopata nafasi ya kuondoka, wengi waliondoka. Lakini waliomhurumia kweli, wengi walikubali kuteseka badala yake hata pale walipoweza kwenda zao. Hawakutaka tu kuacha kuona. Walitaka yeye aache kuumia.

Huruma ya namna hiyo imeonekana kwetu pia. Kati ya 1991 na 1993 mapigano ya kikabila yalizuka Trans Nzoia na Bungoma. Mapigano ya ardhi yakautikisa Mlima Elgon kutoka 2006 hadi 2008, na fujo zikaja tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Maelfu walikimbia makwao. Wengi walipata hifadhi katika viwanja vya makanisa na shule, na wengine wengi katika nyumba za jamaa na marafiki. Nyumba yenye chumba kimoja na sufuria moja ilipokea familia ya pili. Hapakuwa na makofi, na aliyepokea hakujua kama atalipwa. Aliwaona watu mlangoni, akafungua.

Wapendwa, katika hizo nne, ndoa inahitaji ipi? Damu haimo, na makofi hayapo. Nipe nikupe tutaiona sasa hivi jinsi inavyoharibu. Inabaki huruma: kumwona mwenzako. Na kuna adui watatu wanaotufumba macho tusimwone.

ADUI WA KWANZA: HARAKA

Mnaijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka sura ya 10. Kuhani na Mlawi walipita upande wa pili. Sisi husema walikuwa na mioyo migumu. Mwaka 1973 John Darley na huyo huyo Batson walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi 40 wa seminari moja ya Kiprotestanti mjini Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa hotuba kuhusu habari hiyo hiyo ya Msamaria mwema. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunja mlangoni, akikohoa na kugumia.

Nani alisimama? Kuwa na habari ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni saa. Wale walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, 63 kwa kila 100 walisaidia. Walioambiwa kwamba wamechelewa, ni 10 tu kwa kila 100. Watu wale wale, wito ule ule, ila haraka iliwapitisha upande wa pili.

Sasa tazameni nyumba zenu. Asubuhi ni kuwahi matatu, mchana ni shamba au duka, jioni ni mkutano wa chama, kwaya, kamati ya shule. Mwenzako amekaa pale kwenye kiti akigumia kwa namna yake: anajibu kwa neno moja, halili vizuri, anaamka mara tatu usiku. Unampita. Si kwamba moyo wako umekufa. Una haraka. Basi dawa yake si kujilaumu, bali ni kupanga nafasi. Mtakaporudi nyumbani, wekeni robo saa kabla ya simu, kabla ya taarifa ya habari na kabla ya wageni. Kaeni. Ulizaneni: "Leo umechokea wapi?"

ADUI WA PILI: DAFTARI LA MOYONI

"Mimi ndiye ninayelipa karo." "Mimi ndiye ninayeamka usiku." "Mwaka jana nilimzika baba yako, wewe umemfanyia nini mama yangu?" Maneno haya hutoka katika daftari ambalo kila mmoja analiandika moyoni bila kalamu.

Ubaya wa daftari hili ni kwamba hesabu zake si sahihi. Mwaka 1979 wataalamu wawili nchini Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, ni sehemu gani ya kazi za nyumbani anayoifanya yeye. Kisha wakajumlisha majibu ya mume na ya mke. Katika kazi nyingi jumla ilizidi mia kwa mia. Si lazima pawe na mwongo. Kila mmoja anakumbuka vizuri alichofanya mwenyewe kwa sababu alikuwapo na jasho lilikuwa lake. Aliyofanya mwenzake hakuyaona yote. Mke hakumwona mume akisimama juani siku nzima akingoja kuuza mahindi. Mume hakumwona mke akirudi mtoni mara ya tatu.

Mwaka huo huo wa 1979, Margaret Clark na Judson Mills walionyesha jambo la pili. Walitofautisha mahusiano ya aina mbili. Kuna ya biashara, ambayo kila ninachokupa kinadai malipo. Na kuna ya ushirika, ambayo ninakupa kwa sababu unahitaji. Katika majaribio yao, mtu asiyetafuta urafiki alifurahi aliposaidiwa na kulipwa papo hapo. Lakini aliyetarajia urafiki, alipolipwa papo hapo, alimpenda yule mtu kidogo zaidi kuliko asipolipwa. Kulipa haraka ni kusema: "Tusidaiane, wewe si wangu."

Fikirieni jambo hili. Mama anapomnyonyesha mtoto hamwandikii deni. Siku mume na mke wanapoanza kuandikiana, wamekuwa wenye maduka mawili yanayotazamana barabarani. Mtume Paulo anapowaeleza Wakorintho upendo ulivyo, anasema pia kwamba hauweki hesabu ya mabaya. Na sisi tuongeze: hauweki hata hesabu ya mema.

Lakini tahadhari. Kutohesabu si kibali cha mmoja kumfanya mwenzake punda wa kubeba mizigo yote. Ushirika ni wa pande mbili: mimi natazama haja yako, nawe unatazama yangu. Ikiwa mmoja anatoa daima na mwingine anapokea tu, au ikiwa kuna kipigo na matusi, hapo pana dhuluma. Anayedhulumiwa asiambiwe avumilie. Aseme, na atafute msaada kwa wazee, kwa paroko, na inapobidi kwa serikali.

ADUI WA TATU: SIRI

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, maombi ya ndugu na majibu yake hupitia kwenye simu. Jambo hili limeleta baraka kubwa. Uchunguzi wa William Jack na Tavneet Suri uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyumba zilizotumia M-Pesa, zilipopatwa na msiba kama ugonjwa au kupoteza mapato, hazikulazimika kupunguza matumizi yao, kwa sababu zilitumiwa fedha na watu wengi zaidi. Zisizoitumia, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Kwa hiyo ndugu wa Bungoma anayepiga simu Kitale si mnyonyaji. Kesho mvua ikikataa Trans Nzoia, huenda simu ikalia upande wa pili.

Hata hivyo, simu hiyo hiyo imerahisisha siri. Zamani ndugu alikuja mwenyewe, akakaa sebuleni, mke akamwandalia chai na kusikia shida yake. Leo ombi linamalizika nyuma ya ghala.

Kwa jirani zetu wa Busia kuna utafiti unaotuhusu moja kwa moja. Mtaalamu wa uchumi Jonathan Robinson aliwafuatilia wanandoa kwa wiki kadhaa. Kila wiki, kwa bahati nasibu, mume aliweza kupata shilingi 150 au asipate, na mke vivyo hivyo. Kama mume na mke wangekuwa mfuko mmoja kweli, ingekuwa mamoja nani amezipata. Haikuwa hivyo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba mume alipopata fedha hizo matumizi yake binafsi yalipanda. Mke alipozipata, matumizi ya mume hayakubadilika. Nyumba ilikuwa moja, mifuko miwili.

Na si waume tu. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya majaribio katika vijiji vya Magharibi mwa Kenya, wakatoa matokeo mwaka 2016. Wanawake ambao jamaa zao walikuwapo na wangeweza kuona walichopata, walichagua njia yenye faida ndogo ili wafiche fedha zao. Walikubali kupata hasara kuliko kuombwa. Kwa nini? Kwa sababu ni vigumu kumwambia ndugu "sina nafasi mwezi huu" ukiwa peke yako.

Siri, basi, huzaliwa na woga. Mume anaficha kwa kuogopa mkewe atakataa. Mke anaficha kwa kuogopa ndugu zake au mumewe watamaliza. Wangekuwa wawili mbele ya ombi, kila mmoja angepata nguvu ya kusema ndiyo kwa furaha, au hapana bila aibu.

WATOTO WANATUTAZAMA

Moyo wa kusaidia unaanza mapema. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, huko Leipzig, Ujerumani, waliona watoto wa miezi 18 wakimwokotea mtu mzima asiyemjua kitu kilichomponyoka, bila kuombwa wala kuahidiwa chochote. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa. Zawadi iliwafundisha nipe nikupe kabla ya wakati.

Kenya yenyewe imewafundisha walimwengu jambo la maana. Katikati ya miaka ya 1950 watafiti walikwenda katika jamii sita za nchi sita, mojawapo ikiwa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii. Beatrice na John Whiting walipotoa kitabu chao mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliosaidia na kujali wengine zaidi. Wa mji mdogo wa Marekani ndio waliotafuta zaidi ya kwao wenyewe. Sababu waliyoitaja si dini wala mahubiri. Ni kazi. Mama wa Nyansongo alikuwa na shamba kubwa la kulima, hivyo mtoto wake alimbeba mdogo wake, alichota maji, alichunga ng'ombe. Alijua kwamba asipofanya, mtu ataumia.

Na wavulana? Mwaka 1973 Carol Ember alitoa uchunguzi wake kati ya Waluo wa Kenya. Palipokuwa hapana binti mkubwa nyumbani, mvulana alipewa kazi zinazoitwa za wasichana: kulea mtoto, kuchota maji, kupika. Wavulana hao walionekana kuwa wapole na wenye kusaidia zaidi kuliko wenzao, hata wakiwa mchezoni. Basi, baba, usimfukuze mwanao jikoni ukidhani unamfanya mwanamume. Unamnyima shule ya huruma, na mkamwana wako ndiye atakayelipa karo yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, chagueni siku. Jumapili baada ya Misa ni nzuri. Kaeni wawili nusu saa na orodha ya haja zote: za nyumba, za upande wa mume, za upande wa mke, za kanisa na majirani. Zisomeni kwa sauti.

Pili, tengeni fungu la kusaidia tangu siku ya kuuza mavuno au kupokea mshahara. Likiwa dogo, na liwe dogo, maana kutoa ni moyo. Likiisha, mnasema limeisha. Wakwe wa pande zote mbili wapimwe kwa kipimo kimoja.

Tatu, kubalianeni kiasi ambacho hakuna atakayekitoa bila mwenzake kujua. Mkipigiwa simu, jibu liwe: "Nimekusikia, ndugu yangu. Wacha niongee na mwenzangu, nitakupigia kesho asubuhi." Kama ni jambo la kufa na kupona, toa, lakini mwenzako ajue siku hiyo hiyo, kutoka kinywani mwako.

Nne, mwenzako naye awe kwenye orodha. Hakuna anayejiandika mwenyewe kwa urahisi. Kwa hiyo mume aandike haja ya mke, na mke aandike haja ya mume. Mtastaajabu ni mara ngapi mtakosea mwanzoni. Kukosea huko ndiko kutakakowafungua macho.

Tano, shukuruni kwa mambo madogo. Nyumbani hakuna kipaza sauti, lakini neno "asante, Mama watoto" latosha kumjulisha mtu kwamba jasho lake limeonekana.

Turudi kwa ile nyumba ya Kitale. Tuseme simu imelia jioni ile, na mume ameingia jikoni badala ya kwenda nyuma ya ghala.

"Mama watoto, mtoto wa ndugu yangu amelazwa."

Mke anaacha mwiko. "Ana nini? Mama yake yuko naye?"

Wanahesabu magunia pamoja. Huenda yakatoka saba badala ya kumi. Huenda ni mke atakayesema yatoke kumi na mbili. Tena huenda akapanda matatu asubuhi, apite Kiminini na Kamukuywa, afike Bungoma na chupa ya uji. Na kabla hawajalala, kwa kuwa leo wamezungumza habari za ugonjwa, mume anauliza, "Na ule mgongo wako?"

Msaada ni ule ule, ila kwanza umepitia jikoni.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kati ya damu, nipe nikupe, macho ya watu na huruma, ni ipi iliyokusukuma mara ya mwisho uliposaidia mtu?

2. Taja jambo moja ambalo mwenzako amelifanya wiki hii bila wewe kuliona hadi leo ulipoulizwa.

3. Je, kuna fedha ulizotuma au kupokea ambazo mwenzako hajui? Ni woga gani uliokufanya uzifiche?

4. Ni kazi gani ya nyumbani ambayo mwanenu wa kiume hajawahi kuifanya? Ataianza lini?